Alichokisema Mama Kufuli

"Ulicheka!"

"Nilicheka, ndiyo. Kwani harusini watu huenda kulia?"

"Ulicheka huku mwanangu anapita na gauni nililomshonea kwa mikono hii!"

"Ndiyo hiyo mikono unayonipungia usoni? Ishushe kwanza, Fundi, utanitoa jicho."

Walikuwa wamesimama mlangoni mwa jiko la pamoja, Fundi ameshika mwiko, Mama Kufuli amekumbatia sufuria kama ngao. Sisi wengine wa nyumba ile kila mtu alikuwa na kazi yake, na kila mtu alikuwa ameshaiacha. Mimi nilikuwa namsuka mteja, binti anayejiandaa kuolewa, na kichwa chake kilikuwa kimefika nusu. Msinilaumu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenivuta mkono tusogee dirishani tusikie vizuri.

"Haya, sema ulichomwambia yule shangazi," Fundi akasema. "Kama ni neno la heri, liseme hapa mbele za watu."

Mama Kufuli akaitazama sufuria yake.

"Sikumtukana mtu," akasema. "Hilo tu."

"Mmesikia? Hilo tu! Basi Jumapili sauti itapatikana, na kila mtu atasikia kwa masikio yake."

Nikamwona Mama Kufuli akiikaza sufuria kifuani. Nikasema moyoni, mama weee, hapa pana jambo.

Niwaeleze watu hawa ni akina nani, maana nyumba yetu ukiingia bila mwenyeji unaweza kusalimia ugomvi ukadhani ni mazungumzo. Ni vyumba vilivyopangana pande mbili za korido, na kuta zake nyembamba hivi kwamba ukipiga chafya huku, chumba cha pili wanakuitikia. Fundi ni mshonaji, cherehani yake iko mbele ya nyumba. Mama Kufuli, anayekaa ukuta kwa ukuta na Fundi, ni dobi. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu hufunga kila kitu, hata kopo la chumvi. Pasi mkononi mwake ni mtoto mtiifu, atakunyooshea shati mpaka uone aibu kulivaa. Lakini sindano? Kifungo chake kikikatika, hubeba shati mpaka kwa Fundi kama anampeleka mgonjwa.

Wawili hao walikuwa wakila sinia moja tangu waume zao wakiwa hai. Kila jioni chakula kikiiva, Fundi hugonga ukuta kwa mwiko, ko ko ko, na Mama Kufuli hutoka kwake akisema, "Nimesikia, usinibomolee nyumba." Ilikuwa ndiyo saa yetu sisi wote. Ukisikia ko ko ko, unajua jua limekwenda, kaanue nguo.

Sasa ukuta ulikuwa umenyamaza. Kila mmoja alikula kwake, mlango umefungwa, kijiko kinalia peke yake kwenye sahani. Mimi napenda nyumba iliyojaa kelele za watu wanaopendana, au basi hata wanaogombana kwa uso mkunjufu. Kimya kile kilikuwa kinaninyima usingizi.

Chanzo chake kilikuwa kompyuta yangu. Ninayo moja sebuleni, nimeifunika kitambaa cha kufuma ili vumbi liiheshimu. Ndipo Fundi alipokuja na flashi. Binti yake aliolewa zamani kidogo, akahamia mbali, na filamu ya harusi ilipotea pamoja na mpiga picha, aliyehama bila kuaga. Juzijuzi mpiga picha akapatikana, na binti akamtumia mama yake filamu. Tukajaa sebuleni kwangu wote. Nikachomeka flashi, nikabonyeza, bwana na bibi harusi hao wanaingia, wamependeza.

Lakini filamu ilikuwa bubu.

Kila mtu akawa daktari. Huyu akasema ongeza sauti kwenye kompyuta, nikaongeza hadi mwisho. Huyu akasema kwenye programu ya kuchezea filamu pia kuna pa kuongezea, tukapandisha hadi mwisho. Mpiga Mbiu, jirani wa chumba cha mwisho ambaye kazi yake ni kuzunguka mitaani akitangaza mikutano na maduka mapya, akasema tatizo ni spika zangu ndogo, akaleta zake mbili, kila moja kama kabati. Akazungusha vifundo vyake hadi mwisho. Wapi! Watu kwenye filamu wanapanua midomo kama samaki, na sisi tunawasemea: "Nakupenda mpenzi." "Nami nakupenda, ila kiatu kinanibana." Tulicheka mpaka tukasahau kuwa hatusikii.

Kisha kamera ikapita meza ya wageni. Hapo Mama Kufuli anaonekana waziwazi. Bibi harusi anapita, mkia wa gauni unaburuzika. Mama Kufuli anaunyooshea kidevu, anamwinamia shangazi wa bwana harusi, anasema maneno mengi tu, kisha anacheka mpaka anajifuta machozi.

Sebule ikapoa. Fundi akasema, "Rudisha hapo." Nikarudisha. "Rudisha tena."

Shangazi mwenyewe alipigiwa simu. Lakini sikio lake moja lilistaafu zamani, na la pili linafanya kazi kwa kujitolea. Akajibu, "Ndiyo, nilicheka! Nani kafa?" Ushahidi wake ukaishia hapo.

Mngejua gauni lile lilivyokuwa kwa Fundi, msingemlaumu. Lilikuwa gauni lake la mwisho la harusi. Baada ya kulishona alinunua miwani, akasema macho yamemuaga, na tangu hapo ni sare za shule na mapazia tu. Mabibi harusi walikuja wakimbembeleza, akawarudisha, hata huyo mteja wangu mwenye kichwa nusu alirudishwa. Sisi tulidhani ni upweke wa kuondokewa na binti. Kwa hiyo kumwona rafiki yake wa sinia moja akilicheka gauni hilohilo, ilikuwa kama kupigwa kofi na mkono unaokulisha.

Jumapili mchana nikamwita Shemeji, mdogo wa mume wangu. Yeye ni fundi wa friji, na husema kompyuta ni friji tu iliyosoma. Wote walikuwepo. Mteja wangu alikuja, eti kumaliziwa nywele, ingawa nywele nilimaliza siku ileile. Mpiga Mbiu alikuja kulinda spika zake. Fundi aliketi mbele kabisa, miwani usoni. Mama Kufuli alichagua kiti cha pembeni, ukutani, chini ya swichi. Nikaliona hilo, nikaliweka mfukoni.

Shemeji alifungua filamu. Chini ya picha pakatokea maneno madogo ambayo siku zote tulikuwa tunayafunga kama mtu anavyofukuza nzi. Yeye akayasoma: programu haiwezi kucheza aina hii ya sauti. Akampigia mpiga picha simu, akaiweka wote tusikie.

"Sauti ipo," mpiga picha akasema. "Kamera yangu ile ilikuwa inachukua sauti kwa njia sita, halafu inazikunja zote furushi moja. Kompyuta yenu inaliona furushi, haijui kulifungua. Wekeni king'amuzi cha sauti."

"King'amuzi?" Mama Kufuli akadakia. "Kama kile cha televisheni? Aa, vile vinakula umeme. Tuache jamani, picha zinatosha. Mbona ni nzuri hivi."

"Hiki hakina waya, mama," Shemeji akamwambia. "Ni programu ndogo. Unaipakua, unaisakinisha, basi."

"Itaingiza wadudu."

"Mama, kaa."

Shemeji aliingia kwenye intaneti, akaona kitufe kikubwa cha kijani, na akakibonyeza bila kusoma, Endelea, Endelea, Nakubali, Endelea, kama mtu anayefukuzwa. Kompyuta ikafikiri. Kisha akatokea mbwa wa katuni, akawa anatembea chini ya kioo huku na huku, akikojolea pembe. Juu pakatokea hali ya hewa ya mji fulani wenye theluji. Sauti, hakuna.

"Hongera," Fundi akasema. "Umetufugia mbwa."

Mama Kufuli alicheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyepata likizo.

Ikabidi kumfukuza mbwa kwanza, na alikuwa mbishi. Ukimfuta anakuuliza kama una hakika, na ukisema ndiyo anaweka uso wa huzuni. Mteja wangu alianza kumwonea huruma. Mbwa alipoondoka, mpiga picha akatutajia ukurasa wa kweli, na safari hii Fundi alisogeza kiti ubavuni mwa Shemeji.

"Soma kabla ya kubonyeza," akamwambia. "Mimi sikati kitambaa kabla sijapima."

"Hapa ni masharti tu, mama. Hakuna mtu anayeyasoma."

"Leo yatasomwa."

Yakasomwa. Kwa sauti. Mpiga Mbiu alisinzia, akazinduka, akakuta bado yanasomwa. Lakini kusoma kulisaidia, kwa sababu katikati ya masharti palijificha visanduku vilivyokwisha kutiwa alama, kimoja cha upau wa kutafutia, kimoja cha mchezo wa karata, na Fundi alikuwa akivigonga kwenye kioo kwa kidole chenye subana ya kushonea: "Toa. Toa na hiki. Huyu naye ni ndugu wa yule mbwa, toa." Kisha programu ikauliza tunataka ishughulikie aina zipi za sauti, Shemeji akachagua ile aliyotajiwa. Ikajisakinisha, mstari wa kijani ukitambaa polepole, sote tukiutazama kama maziwa yanayokaribia kuchemka. Ikaomba kompyuta izimwe na kuwashwa.

Wakati tunangoja iwake, Mama Kufuli aliniinamia. "Msusi," akaninong'oneza, "mtu akisema jambo kwa nia njema, lakini jambo lenyewe likawa baya kulisikia, hilo ni kosa?"

"Inategemea jambo."

"Basi nimekwisha," akasema, na akaiangalia swichi iliyokuwa juu yake.

Filamu ikaanza, na jamani, sauti! Makofi kutoka kushoto, viti vikiburuzwa kulia, mtoto akilia mbali, muziki wa bendi ukiingia kama upepo. Tulishangilia. Lakini mfungishaji ndoa alipofungua kinywa, hakutoka hata neno. Bwana harusi akaitikia, kimya. Harusi yote ilisikika isipokuwa watu wanaosema.

"Haya, imerudi!" Mama Kufuli akasimama. "Tushukuru. Mimi nina nguo za watu kwenye moto."

"Nguo kwenye moto?" Fundi akageuka. "Jumapili? Kaa chini."

Shemeji alipiga simu tena, na mpiga picha akacheka. "Kukisakinisha peke yake hakutoshi, lazima kipangwe. Fungueni mipangilio yake. Pale panapouliza spika, pameandikwaje?"

"Sita."

"Mna ngapi?"

"Mbili," Mpiga Mbiu akasema kwa fahari, "lakini za maana."

"Sasa sikilizeni. Makofi na muziki vinapelekwa kwa spika za pembeni. Maneno ya watu yanapelekwa kwa spika ya katikati, na hiyo hamna. Watu wanasema, lakini wanasemea hewani. Wekeni mbili, king'amuzi kitayagawa maneno kwa hizo mlizonazo."

Shemeji akaweka mbili. Akaona pia kifundo cha kuongeza sauti ndani ya king'amuzi chenyewe, na kwa vile siku zote tumekuwa na shida ya sauti ndogo, akakisukuma hadi juu. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka. Kompyuta ilikuwa hadi mwisho. Programu ya filamu, hadi mwisho. Makabati ya Mpiga Mbiu, yanayotangaza maduka mtaa mzima, hadi mwisho. Na madirisha yangu yote yalikuwa wazi kwa sababu ya joto la watu.

"Nipeleke palepale mezani," Fundi akasema.

Shemeji akapeleka. Bibi harusi akaanza kupita. Mama Kufuli aliruka kama mtu aliyekalia makaa, akabamiza swichi ukutani kwa kiganja.

Ilikuwa ya feni. Feni ikaanza kuzunguka.

"SHANGAZI! UNAUONA ULE UPINDO WA NYUMA?"

Kioo cha dirisha kilitikisika. Kuku wa nyumba ya pili walipiga kelele. Shemeji aliziba masikio badala ya kuzima.

"ULIVYOKWENDA UPOGO, KAMA MLEVI ANATAFUTA KWAO? ULE NI MIMI!"

"EEH?" akajibu shangazi, naye mtaa mzima ukamsikia.

"NI MIMI! MAMA YAKE ALISHONA MPAKA KICHWA KIKAANGUKIA CHEREHANI, KALALA NA PINI MDOMONI! NIKAZITOA MOJA MOJA ASIZIMEZE. UPINDO HAUJAISHA NA WATU WANAAMKA! NIKASEMA MIMI DOBI MZIMA, NISHINDWE NA UZI?"

"UMESHINDWA NA NANI?"

"NA UZI, SHANGAZI! UMENISHINDA! TAZAMA!" Hapo ndipo kicheko kile, kikubwa kama mvua juu ya bati. "ILA USIMWAMBIE. HAGUSISHI MTU KAZI YAKE. AKIJUA ATANIVUA NGOZI ANISHONE UPYA. LAKINI MTOTO KAPENDEZA, EH? KAPENDEZA MPAKA UPOGO UMEONA HAYA!"

Shemeji akakipata kitufe cha kusimamisha. Nje, kutoka ng'ambo ya barabara, mwanamume akapaza sauti, "Rudisha hapo pa pini, hatukusikia vizuri!"

"Spika zangu hizo," Mpiga Mbiu akanong'ona, machozi ya furaha yakimlenga.

Mama Kufuli hakuwepo. Tulisikia mlango wake ukifungwa, kisha kufuli la juu, kisha la chini, kisha lile ambalo hatukujua kama analo.

Fundi aliketi vilevile, feni ikimpepea. Akavua miwani. Akaitazama kama mtu anayetazama risiti ya kitu ambacho hakununua. Kisha akainuka, akaenda chumbani kwake, tukasikia sanduku likifunguliwa. Alirudi na gauni mikononi. Akaligeuza nyuma, akauinua upindo ule hadi karibu na pua, bila miwani.

"Uzi wa magunia," akasema polepole. "Kwenye satini."

Akatelezesha kidole kwenye mshono ule hadi fundo la mwisho.

"Nilipoliona hili baada ya harusi, nilijua mkono wangu umekwisha," akasema. "Gauni la mwanangu mwenyewe, nalimaliza hivi? Nikasema, kama huku ndiko kushona kwangu, basi nisimwaibishe mtoto wa mtu mwingine. Nimewarudisha wasichana wa watu! Nimenunua miwani bure! Nashona mapazia!"

Kisha sauti ikapanda, na bila msaada wa spika yoyote. Akauendea mlango wa Mama Kufuli kupitia korido, gauni likimfuata kama mkia wa bibi harusi, nasi tukalifuata gauni.

"Wewe! Uzi wa magunia!"

"Ndio nilioukuta karibu!" sauti ikajibu kutoka ndani.

"Na hili fundo la mwisho ni la aina gani? Sijawahi kuliona duniani!"

"La kamba ya kuanikia nguo! Ndilo ninalolijua!"

"Ulitumia sindano au msumari?"

"Giza lilikuwa zito! Na wewe ulikuwa unakoroma, taa ningewashaje?"

Mpiga Mbiu alijikunja kwa kicheko, mimi nikamfinya. Maana Fundi alikuwa ameegemea mlango, na mabega yake yalikuwa yanacheza, na hatukujua bado kama analia au vipi.

"Kwa nini hukusema?" akauliza, sasa kwa sauti ya chini. "Nilipokubana jikoni, mbele za watu, kwa nini hukusema tu?"

Mama Kufuli akajibu akiwa nyuma ya mlango, "Nikuambie kwamba niliharibu gauni la mtoto wako? Heri udhani nilikucheka. Kucheka kunasameheka." Akapenga kamasi. "Na mimi ningejuaje kwamba umeacha kushona magauni kwa sababu ya ule upindo? Ulisema macho!"

"Nilidhani ni macho!"

"Basi wote wawili ni wajinga."

"Wewe zaidi. Mimi mjinga, lakini napiga mshono ulionyooka."

Hapo akageuka, na tukamwona usoni. Alikuwa anacheka, machozi yanamtiririka, jinsi ileile Mama Kufuli alivyocheka kwenye filamu. Macho yake yakamwangukia mteja wangu, aliyejibanza nyuma yangu na mikono kifuani kama mtu anayeomba mvua.

"Na wewe," akamwambia, "unanitazamia nini? Kesho njoo nikupime. Na usinenepe."

Binti alipiga kigelegele kilichowaamsha tena kuku wa watu.

Fundi akanitupia gauni nilishike, akaenda jikoni. Tulisikia vifuniko vikifunuliwa, sahani zikigongana, kisha akapita na sinia kuingia chumbani kwake. Jua lilikuwa limeshashuka upande wa nyuma ya nyumba. Shemeji alirudi sebuleni kupunguza sauti, kifundo kimoja baada ya kingine, akishangaa jinsi vilivyo vingi. Sisi tuliobaki tulisimama koridoni tukijifanya tuna pa kwenda.

Ko ko ko.

Mwiko ukutani, palepale pa siku zote, penye rangi iliyobanduka.

Kufuli la kwanza likafunguka. La pili likasita.

"Nimesikia," ikasema sauti nyuma ya mlango. "Usinibomolee nyumba."

"Basi toka uje ule, chakula kinapoa," Fundi akasema. "Ila ule uzi wa magunia uache hukohuko."